Mji Mkongwe, Mombasa au Bagamoyo? Kupanga safari ya mwanzo wa Septemba kutoka Arusha na Moshi

Mwanzo wa Septemba, Arusha bado watu wanaamka na sweta, lakini pwani iko katika wakati wake mzuri kuliko wote wa mwaka. Kipupwe kinaisha, upepo wa kusi unalegea, na vuli haijafika. Mchana joto hucheza kwenye nyuzi 28 au 29, usiku hushuka hadi 22 hivi, na mvua ikija ni manyunyu ya kupita. Ukisogeza safari hadi mwisho wa Oktoba, fukuto linapanda na vuli inaweza kukukuta katikati ya ziara. Kwa anayetaka kutembea kwa miguu kwenye vichochoro vya mji wa kale kuanzia asubuhi hadi jioni, wiki tatu za kwanza za Septemba ndizo za kushika.

Miji ya kale ya pwani inayofikika kwa urahisi kutoka huku kwetu ni mitatu: Mombasa, Mji Mkongwe wa Unguja, na Bagamoyo. Tanga na Pangani tutazigusa mbele. Kilwa tunaiacha kabisa, kwa kuwa kwa barabara inakula siku mbili za kwenda na mbili za kurudi, na hiyo ni safari ya wiki nzima yenye mpango wake.

Watu wengi huchagua kwa sifa ya mji, halafu wanarudi wamechoka na wameona kidogo. Sisi tunashauri upime kwa kitu kimoja kwanza: saa za mchana utakazokuwa mjini kweli, ukiwa umelala vizuri. Chukua mtu wa Arusha mwenye siku nne. Akienda Unguja kwa basi la asubuhi, siku ya kwanza inaishia Dar na analala huko. Siku ya pili anapanda boti ya saa 1 asubuhi, anashuka bandari ya Malindi, Mji Mkongwe, saa 3. Siku ya tatu saa 10 alasiri lazima awe ndani ya boti ya mwisho, vinginevyo basi la siku ya nne litamwacha. Amepata siku moja na nusu. Mtu huyo huyo akienda Mombasa, anafika siku ya kwanza alasiri, anakaa siku mbili kamili, siku ya nne anarudi kwake. Tofauti ni ya nusu siku na jioni moja, na kwa mji unaotembelewa kwa miguu hiyo ni tofauti kubwa.

| | Mombasa | Mji Mkongwe | Bagamoyo |
|---|---|---|---|
| Muda wa njiani kutoka Moshi kwa barabara | saa 6 hadi 8, pamoja na mpaka | saa 9 hadi 11 hadi Dar, kisha boti saa 2 na muda wa kusubiri | saa 8 hadi 9 kupitia Msata |
| Kutoka Arusha | ongeza saa 1½ hadi 2 | ongeza saa 1½ hadi 2 | ongeza saa 1½ hadi 2 |
| Karatasi | pasi au hati ya dharura, kadi ya homa ya manjano | kitambulisho | kitambulisho |
| Siku za chini kabisa | 3 | 5 kwa basi la mchana, 4 kwa la usiku, 3 kwa ndege | 3 |

Njia ya Mombasa

Kwa mtu wa Moshi, huu ndio mji wa kale ulio karibu kuliko yote, ingawa uko nchi ya pili. Njia ni Moshi, Njiapanda ya Himo, Holili, Taveta, Voi, Mombasa. Barabara yote ni lami. Kuna mabasi ya moja kwa moja yanayotoka Arusha na kupitia Moshi, na hayo ndiyo bora kwa mwenye mizigo au watoto, kwa sababu basi linakusubiri mpakani wakati unagonga muhuri. Asiyepata basi anaweza kuunganisha: Noah au hiace hadi Holili, bodaboda hadi Taveta mjini, matatu hadi Voi, halafu gari jingine hadi Mombasa. Kuunganisha kunakupa uhuru wa saa, lakini kila kituo kina kusubiri kwake hadi gari lijae, na hapo ndipo safari ya saa saba inapogeuka kumi.

Kuna sehemu mbili za kuangalia. Kati ya Taveta na Voi barabara inapita Maktau, Bura na Mwatate, na kipande kikubwa kimezungukwa na mbuga ya Tsavo Magharibi na hifadhi za jirani. Tembo huvuka, hasa jua likianza kushuka, na tembo wa rangi ya udongo mwekundu haonekani haraka kwenye mwanga hafifu. Mwenye gari lake asipite hapo usiku. Sehemu ya pili ni kuanzia Mariakani kuingia Mombasa, ambako malori ya bandarini hujaza barabara. Panga kuwa Voi kabla ya saa 7 mchana ili uingie mjini kungali na mwanga.

Ukivuka na gari binafsi, beba kadi halisi ya gari (na barua ya mwenye gari kama si lako), bima ya njano ya Comesa, na uombe kibali cha muda cha gari upande wa Kenya. Bima hiyo ikatwe Arusha au Moshi kwa wakala wako wa kawaida. Kuitafuta asubuhi ile ile mpakani ni kupoteza saa mbili bila sababu.

Karatasi, na makosa yanayorudisha watu Holili

Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi kuingia Kenya. Makubaliano ya kusafiri kwa kitambulisho yapo kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo. Unahitaji pasi au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Viza huhitaji. Kila mtoto awe na hati yake, na akisafiri na mzazi mmoja au na shangazi, beba barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Kadi ya homa ya manjano ndiyo inayowashangaza watu zaidi, kwa kuwa inaweza kuulizwa wakati wa kurudi nyumbani: Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na afisa wa afya upande wetu ana haki ya kuiomba. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, hivyo anayetaka kuvuka tarehe 5 Septemba awe amechanjwa kabla ya tarehe 26 Agosti. Tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha yote, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka kumi. Kama unayo kabatini, usichanjwe tena.

Kwa Unguja na Bagamoyo, kitambulisho kinatosha. Jina kwenye tiketi ya boti liwe sawasawa na la kwenye kitambulisho, maana huangaliwa kabla ya kupanda. Kama unasafiri na mgeni kutoka nje, jambo ambalo kwa Arusha na Moshi ni la kila siku, kumbuka kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hulipia bima ya lazima ya dola 44. Kwa upande wa Mombasa, mgeni wa kutoka nje ya Afrika aombe kibali cha kielektroniki cha Kenya kabla ya kusafiri, na aulize mapema kama viza yake ya Tanzania inamruhusu kurudi.

Njia ya Unguja

Kilichobadilisha hesabu ya Unguja ni ruhusa ya mabasi kutembea usiku, iliyorudishwa Oktoba 2023. Ukipanda basi la jioni Arusha au Moshi, unafika kituo cha Magufuli, Mbezi, alfajiri au asubuhi na mapema. Usikate boti ya saa 1 asubuhi. Basi likichelewa kidogo tu njiani, tiketi imepotea. Kata ya saa 3:30. Kutoka Mbezi hadi bandarini ni kilometa 25 hivi, na foleni ya asubuhi ya Barabara ya Morogoro haina huruma, hivyo ukishuka tu anza kuelekea Posta. Mwendokasi una njia yake na huipita foleni, lakini wenye mabegi makubwa watapata taabu saa za watu kwenda kazini. Baadhi ya mabasi huendelea hadi Shekilango, na hapo unakuwa umeokoa nusu ya njia. Muulize konda kabla ya kukata tiketi.

Boti za kasi kwa kawaida hutoka Dar saa 1 asubuhi, saa 3:30, saa 6:30 mchana na saa 10 alasiri, na safari ni karibu saa mbili. Hakikisha ratiba wiki ya safari yako, kisha uwe bandarini saa nzima kabla. Nunua tiketi kwenye dirisha la kampuni au kwa simu kupitia programu yao. Wanaokufuata barabarani na kusema dirisha limefungwa hawana tiketi ya bei nafuu, wana ya bei ya juu.

Septemba kusi halijaisha. Ukienda Unguja, wimbi linakusukuma kutoka nyuma na boti inateleza. Ukirudi Dar, boti inalikata wimbi kwa pua, na hapo ndipo watu hutapika. Meza dawa ya kichefuchefu saa moja kabla, usiende na tumbo tupu wala lililojaa, na ukae sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma. Viti vya mbele juu vina mandhari nzuri na mtikisiko mkubwa.

Ndege kutoka KIA au kiwanja cha Arusha, Kisongo, huchukua karibu saa moja na robo. Kwa mtu mwenye siku tatu, huo ndio usafiri pekee unaofanya Unguja iwe na maana. Ndege ndogo zina kikomo cha kilo 15 na zinataka begi laini, si sanduku gumu. Ukifungasha kwa ajili ya ndege kubwa, utalipia kilo za ziada kaunta.

Njia ya Bagamoyo: neno ni Msata

Bagamoyo watu huikosa kwa kudhani lazima ufike Dar kwanza. Si lazima. Barabara ya lami ya Msata hadi Makofia, kilometa 64, inakutoa kwenye barabara kuu ya Segera na Chalinze moja kwa moja hadi pembezoni mwa Bagamoyo. Unapokata tiketi, uliza swali moja tu: basi linaingia Dar kwa Bagamoyo au kwa Chalinze? Likiwa la Bagamoyo, unashuka Makofia na bajaji inakupeleka mjini. Likiwa la Chalinze, shuka Msata na upande gari la Bagamoyo. Usikubali kuambiwa ushukie Chalinze eti ni sawasawa. Kutoka Chalinze utalazimika kuzunguka karibu hadi Dar ndipo upande tena kaskazini. Na usifike Msata jioni sana, magari hupungua.

Kurudi kuna mtego wake. Mabasi ya kaskazini hupita Msata yakiwa yameshajaa tangu Dar. Kata tiketi siku moja kabla, mweleze wakala kwamba utapandia Msata au Makofia, chukua namba ya konda na namba za gari, na uwe barabarani saa nzima kabla ya muda uliotajwa.

Ndani ya miji yenyewe

Mji Mkongwe ndio mkubwa na mzito kuliko yote. Uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na ukitaka kuusoma mji wa mawe wa Waswahili ukiwa bado unaishi, na watu wakiamka, kuswali, kuuza na kuanika nguo, hauna mpinzani. Unahitaji siku mbili. Siku ya kwanza, asubuhi, anzia Darajani, soko la mwaka 1904, kisha Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Nje yake kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo. Mnyororo ule ni wa kweli. Mpe mtoto maelezo kabla ya kumfikisha hapo. Ndani kuna msalaba wa mbao za mti wa Chitambo, mahali moyo wa Livingstone ulipozikwa. Alasiri nenda Ngome Kongwe, halafu Forodhani jua linapozama, saa 12:20 hivi.

Usipange safari kwa ajili ya kuingia Beit al-Ajaib. Jumba hilo la Sultani Barghash la mwaka 1883 liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020.

Kuporomoka kwa nyumba za Mji Mkongwe kuna sababu, na ukiijua utauona mji kwa jicho jingine. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupumua: unyevu unaingia na kutoka. Mtu akikarabati kwa saruji, unyevu unabaki ndani ya ukuta, boriti za mikoko zinaoza kwenye ncha zilizochomekwa ukutani, na siku moja dari inashuka. Tazama pia upana wa vyumba. Karibu vyote ni vyembamba na virefu, kwa kuwa boriti ya mkoko haizidi sana mita tatu, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti yake. Hata gesti uliyofikia itakuonyesha hilo ukiinua macho kitandani. Omba chumba cha ghorofa ya juu. Vya chini vina unyevu na hewa haipiti.

Milango nayo ina somo. Ule wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na maandishi ya Kiarabu ni wa mtindo wa Kiarabu. Wenye tao juu na vijilango vidogo vinavyokunjwa ni wa Kihindi, wa watu wa Gujarat. Minyororo iliyochongwa pembeni, samaki chini, maua katikati: simama mbele ya mmoja kwa dakika kumi badala ya kupiga picha hamsini unapita.

Mombasa ni mji wa kazi. Mji wa Kale wake ni mdogo, unatembeka kwa nusu siku, na balkoni zake za mbao zilizochongwa hazipatikani kwa wingi hivyo Unguja. Lakini Ngome ya Yesu ni jengo ambalo hata Unguja haina mfano wake. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, njaa na maradhi vikiwamaliza waliokuwa ndani. Ikawa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, makumbusho mwaka 1962, na Urithi wa Dunia mwaka 2011. Ndani kuna vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama chini ya ngome hiyo mwaka 1697 ikija kuokoa. Ingia mapema asubuhi, utoke kabla ya saa 5, maana ua wake hauna kivuli. Kisha shuka Msikiti wa Mandhry wa mwaka 1570, bandari ya zamani, upandishe hadi Marikiti kwa viungo na Mtaa wa Biashara kwa leso.

Nguvu ya Mombasa iko kwenye siku ya pili na ya tatu. Gede, magofu ya mji mzima wa Waswahili ndani ya msitu karibu na Watamu, iko umbali wa saa mbili hivi kaskazini, na imeingia Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kwa mtu wa Moshi kuna na Rabai, mji mdogo bara kidogo ya Mombasa, ambako Johann Ludwig Krapf alifungua misheni mwaka 1846. Hapo ndipo Johannes Rebmann alipotokea mwaka 1848 alipouona mlima wetu na kuandika habari za theluji ambazo wasomi wa Ulaya walizikataa. Makumbusho yake ni madogo na hayana msongamano. Tunaipendekeza kwa moyo wote kwa wenye watoto wa shule.

Bagamoyo ni kimya, na kimya hicho ndicho thamani yake. Ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Majengo ya mji wa zamani, yakiwemo Boma la 1897, mengi yamechakaa, na anayetaka mji uliopakwa rangi atasikitika. Misheni ya Roho Mtakatifu iliyoanza 1868 ndiyo ya kupewa asubuhi nzima: makumbusho, njia ya miembe, na mnara mdogo ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka Chitambo. Wamisionari wa shirika hilo hilo walipanda hadi Kilema mwaka 1890, kwa hiyo familia nyingi za Kikatoliki za Uchagani zina uzi unaoishia hapa. Alasiri chukua bajaji hadi Kaole, kilometa 5 kusini, kwenye misikiti na makaburi ya nguzo ya tangu karne ya 13.

Tanga na Pangani ni kwa mwenye siku mbili au tatu tu ambaye hataki mpaka wala boti: mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, na Boma la Pangani, mji ambako Abushiri bin Salim alinyongwa Desemba 1889. Ni safari nzuri. Lakini kama hamu yako ni mji, Tanga itakupa fukwe na utulivu zaidi ya mji wa kale.

Bahari: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Anayetaka kuoga baharini achague tarehe kwa mwezi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: pwani ya Unguja maji hupanda na kushuka kwa karibu mita nne. Wakati huo maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 alasiri. Ukienda ufukweni saa 4 utakuta mchanga, miamba na urchini wa miiba. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa kuelekea saa 4 au 5 asubuhi, na tofauti ni ndogo. Kwa familia inayotaka kuoga asubuhi na kutembea mjini jioni, chagua maji mafu. Kwa anayetembea asubuhi na kuoga jioni, bamvua.

Mwanzo wa Septemba maji ni ya nyuzi 25 hivi, baridi kidogo kwa watu wa pwani, safi kwetu. Bagamoyo usitegemee maji ya bluu: mto Ruvu unamwaga tope karibu, na bahari ni ya kahawia. Ni ufukwe wa kutazama mashua na mnada wa samaki. Upande wa Mombasa, mawimbi ya kusi huleta mwani ufukweni, na unapungua kadiri mwezi unavyosonga.

Fedha, malazi na mezani

Mji Mkongwe ndio ghali kuliko yote, kwa kuwa bei nyingi zimewekwa kwa dola na Septemba mwanzoni bado ni msimu wa wageni. Piga simu gesti yenyewe, sema wewe ni mwananchi, uliza bei ya shilingi. Mara nyingi ipo, ila haiandikwi mtandaoni. Baada ya katikati ya mwezi, wageni wa Ulaya wakishapungua, unaweza kujadiliana kwa sauti ya juu kidogo. Mombasa ina vyumba vingi vya bei ya kati, na wanafunzi wa Kenya wanakuwa wameshafungua muhula wa tatu, hivyo nafasi zipo. Kwa bajeti, chukua bei ya Kenya uzidishe kwa 20 upate shilingi zetu kwa makadirio. Chai na mahamri hazitakushtua, teksi itakushtua. Badilisha fedha kidogo tu mpakani, ukihesabu noti mwenyewe kabla ya kutoa zako. Bagamoyo ni nafuu kuliko yote.

Mezani, Forodhani ni pazuri lakini panahitaji macho: uliza bei kabla nyama haijawekwa kwenye moto, na chagua mishikaki inayochomwa mbele yako, si iliyopangwa ikisubiri kupashwa. Urojo tafuta mchana ndani ya mitaa, kwa akina mama, sio usiku Forodhani. Mombasa amka mapema kwa mahamri na mbaazi za nazi, na jioni viazi karai na mishikaki Mji wa Kale. Ijumaa, Unguja na Mombasa zote, maduka mengi hufunga kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana. Fanya hiyo iwe saa yako ya kula na kupumzika. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, salimia kabla ya kuuliza, na mzee wa barazani mpe shikamoo yake kwanza. Papasi, vijana wa mitaani wanaojipa kazi ya kuongoza wageni, watakufuata Mji Mkongwe hata ukiwa Mtanzania. "Ahsante kaka, mimi mwenyeji wa Bara, nimeshapangiwa" inatosha, ukiwa unaendelea kutembea.

Malaria pwani ni ya kweli kuliko Arusha. Lala ndani ya chandarua miji yote mitatu, na ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, pima siku hiyo hiyo na umwambie daktari ulikuwa pwani.

Nani aende wapi

Mtu wa Moshi mwenye pasi na siku tatu au nne: Mombasa, bila kusita. Mtu wa Arusha mwenye siku tano au zaidi, au mwenye uwezo wa ndege: Mji Mkongwe, na asiufupishe kwa kukimbilia Nungwi siku ya pili. Wanaosafiri na bibi au babu asiyeweza ngazi: Bagamoyo, kwa kuwa ni tambarare, bajaji inafika mlangoni na hakuna foleni ya mpaka. Gesti za Mji Mkongwe zina ngazi zilizosimama wima kama za dari, na ngazi ya boti bahari ikichafuka ni taabu kwa magoti ya miaka sabini. Wenye watoto wadogo: Unguja kwa ndege au Mombasa kwa basi la moja kwa moja, kamwe si kwa kuunganisha magari.

Asiye na pasi mwezi Agosti asiharakishe Mombasa. Aombe pasi kwa utulivu, aende mwaka ujao.

Mpangilio wa kukata tiketi ni huu: kwanza angalia Maulidi inaangukia lini, kwa sababu husogea nyuma karibu siku 11 kila mwaka, ilikuwa mwanzoni mwa Septemba mwaka 2025, na siku zake boti na mabasi hujaa. Pili angalia mwezi. Kisha kata tiketi ya kurudi kabla ya ile ya kwenda, hasa kama unarudi Jumapili, maana mabasi ya kutoka Dar na Mombasa kuja kaskazini ndiyo yanayojaa kwanza. Ya kwenda kata wiki moja kabla, kiti cha upande wa kulia kwa basi la asubuhi la kutoka Arusha, jua lisikupige hadi Same. Ukinunua vifaa vya umeme Unguja tunza risiti, kwani forodha wataviangalia ukishuka Dar.